Mgeni na Watu Wanaojitawala

Jua limekuchwa. Watu wa nyumbani wameketi uani, chungu ki motoni, na watoto wangojea chakula. Mara yasikika sauti kutoka njiani: "Hodi!" Si sauti ya jirani, kwa maana sauti za majirani zote zajulikana, wala si sauti ya ndugu. Hata hivyo mwenye nyumba aitikia, "Karibu," naye hajamjua bado mtu huyo ni nani. Mgeni aingia, miguu yake imejaa vumbi, na mzigo wake mdogo u begani. Aletewa kigoda, kisha aletewa maji katika kata. Akiisha kunywa na kupumzika kidogo, ndipo aulizwapo habari za huko atokako na huko aendako.

Ninyi mnaosoma kitabu hiki mmeliona jambo hili mara nyingi, na pengine kwa sababu ya kuliona mara nyingi hamjapata kulifikiri. Basi, na tulifikiri leo, maana ndani yake mna mambo makubwa kuliko kigoda na maji.

Tumtazame mgeni kwanza. Yeye hakuingia tu kama mbuzi aingiavyo shambani. Pengine ua ule haukuwa na komeo, wala mlango, ila nafasi tupu katikati ya mabua. Angaliweza kuingia bila kuzuiwa. Lakini alisimama nje akabisha hodi. Desturi ya pwani ni kubisha hodi mara tatu, na mtu asipoitikiwa mara ya tatu huenda zake. Hapana askari aliyemsimamisha mgeni pale nje, alijisimamisha mwenyewe. Na huko bara, kwa makabila mengine, mgeni mwenye mkuki aliuchomeka ardhini nje ya nyumba kabla ya kuinama kuingia, ili watu wa ndani wasiingiwe na hofu.

Sasa tumtazame mwenye nyumba. Chakula kilichomo chunguni kilipimwa kwa watu wa nyumbani, na yeye mwenyewe ana njaa. Hajui kama mtu huyu ni mwema au ni mwizi. Angaliweza kunyamaza, na hapana ambaye angalimshtaki kwa kunyamaza kwake. Lakini aliishinda njaa yake, akaishinda na hofu yake, akasema, "Karibu." Tena angalieni utaratibu wake: maji kwanza, maswali baadaye. Kama mgeni angaliulizwa kwanza kabila lake, na ukoo wake, na dini yake, maji yale yangalikuwa malipo ya jibu lililompendeza mwenye nyumba. Lakini alipewa maji kwa sababu moja tu, ya kwamba ana kiu.

Katika miji ya pwani walikuwako watu waliozidi hapo. Waliweka mtungi wa maji mlangoni au kando ya njia, pamoja na kata ya kunywea, kwa ajili ya kila apitaye. Maji hayo huitwa maji ya sabili, yaani maji yasiyo na bei wala mwenyewe, ambayo mtu yeyote aweza kuyanywa. Aliyeujaza mtungi asubuhi hakujua nani atakunywa adhuhuri. Pengine alikunywa adui yake.

Baada ya hayo, na tuliangalie neno moja la lugha yetu, neno "kujitawala." Twalitumia kwa njia mbili. Twasema ya kwamba Tanganyika ilipata kujitawala tarehe 9 Desemba 1961, na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962. Tena twasema juu ya mtu mwenye hasira, anayewapiga wenziwe kwa neno dogo, ya kwamba mtu huyu hawezi kujitawala. Neno ni lilo hilo. Watu wengi wakilisikia hufikiri njia ya kwanza tu: bendera mpya, wimbo wa taifa, na wakubwa wa kwetu wakiketi katika viti vya wakubwa wa kigeni. Mambo hayo ni mazuri, na watu waliteswa na kufungwa kwa ajili yake. Lakini hayo ni mlango wa nyumba, si nyumba yenyewe.

Ukitaka kuiona nyumba yenyewe, wahesabu askari wa wilaya yenu. Ukiisha kuwahesabu, zihesabu njia za wilaya hiyo, kubwa kwa ndogo. Hesabu visima vyake, masoko yake, maduka yake, mashamba yaliyo karibu na njia, na mbuzi walalao nje. Utaona ya kuwa askari hawatoshi hata kidogo. Hapana nchi duniani yenye askari wa kumtosha kila mwenye duka apimaye sukari, na kila mwenye kupita karibu na mihindi ya mtu mwingine. Ikiwa mizani ya dukani ni ya haki, na mihindi yafika nyumbani kwa mwenyewe, ni kwa sababu watu walio wengi, katika siku zilizo nyingi, hujizuia wenyewe.

Watu wanaotawaliwa kwa nguvu waweza kukaa kwa utulivu pia. Ng'ombe waliomo zizini wametulia. Bwana mwenye kiboko akiwapo, mikono ya watu hushikwa na hofu ya kiboko. Bwana huyo akiisha kuondoka, mikono itashikwa na nini? Majibu ni mawili tu. Ama atatokea bwana mwingine, huenda akawa mtoto wa nchi, naye atakiokota kile kiboko kilichoachwa. Ama kila mtu atajishika mkono wake mwenyewe. Sijaona jibu la tatu. Ndiyo sababu wazee wenye akili, walipoona uhuru wakaribia, hawakufurahi tu, bali walianza kuwatazama watoto wao kwa makini zaidi.

Hapo pengine msomaji mmoja atasema, "Mimi najitawala. Nawaheshimu wazazi wangu, nawagawia ndugu zangu, namtii mwalimu." Umefanya vizuri, lakini jambo hilo halijatuonyesha kitu. Baba yako aweza kukukemea. Ndugu yako umgawiaye leo atakugawia kesho. Mwalimu ana daftari na kalamu. Watu hao wote wana namna ya kukulipa, kwa wema au kwa adhabu. Mgeni hana. Hana ukoo mahali hapa, hatarudi tena, hawezi kukulipa mema yako, wala hajui jina lako ili akushtaki kwa mabaya yako. Kwa hiyo neno utakalomtendea mgeni halitoki katika hofu wala katika tamaa. Latoka kwako wewe mwenyewe. Katika saa hiyo hutawaliwi na mtu yeyote, ndipo ionekanapo kama wajitawala au hujitawali.

Mimi niliyeandika maneno haya nilipimwa siku moja, nikaonekana mpungufu. Nilikuwa kijana, nimemaliza masomo ya shule ya msingi, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe tukicheza bao, nami nilikuwa karibu kushinda. Akaja mama mmoja mzee ambaye hatukumjua, amembeba mjukuu wake mgongoni, akatusalimu, akauliza njia ya zahanati. Sikuinua uso. Nilimwonyesha njia kwa kidevu, nikasema, "Huko," nikaendelea kuhesabu kete zangu. Nilijua vema ya kuwa mbele kidogo njia ile yagawanyika, mkono mmoja waenda zahanati, na mkono mwingine waenda mtoni, ambako hakuna nyumba hata moja. Kulieleza jambo hilo kungalichukua muda wa kupumua mara mbili.

Jioni nilikuwa nikirudi nyumbani peke yangu, nikakutana na mama yule njiani. Alikuwa amefika mtoni akarudi, na miguu yake ilikuwa imevimba. Mtoto alikuwa amelala begani pake, mwili unawaka homa. Alinisalimu kwa upole, "Habari za jioni, mwanangu," akaniuliza njia ya zahanati. Hakunitambua. Angalinitambuaje? Sikuwa nimempa uso wangu autazame. Nilimchukua mtoto, tukaenda pamoja. Tulikuta zahanati imefungwa, nikaenda kumgongea muuguzi nyumbani kwake, naye akatoka na taa akamtibu. Mtoto alipona. Mama yule alinishukuru sana, akanibariki mimi na wazazi wangu, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia ya kuwa mimi ndiye yule wa bao.

Nilivunja sheria gani siku ile? Hakuna. Hapana hakimu awezaye kumfunga mtu kwa kuonyesha njia kwa kidevu badala ya kidole. Wala haiwezekani kuitunga sheria ya namna hiyo, maana askari wangapi wangehitajiwa kukaa chini ya miembe yote ya nchi? Lakini mtoto yule karibu apotee kwa jambo lisilo na sheria. Tangu siku ile nimeelewa ya kwamba sheria ni kama nguzo za nyumba, nazo hazina budi kuwapo. Lakini ukuta ulio katikati ya nguzo umejengwa kwa udongo mwingine.

Sasa tutoke chini ya mwembe tuitazame nchi nzima. Kijiji ni mahali pa watu wajuanao, lakini nchi siyo. Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa na makabila yapatayo 120 na zaidi. Mtu wa Newala, kule kusini karibu na mto Ruvuma, na mtu wa Bukoba, kule magharibi penye ziwa kubwa, hawakupata kuonana, na hawataonana. Mmoja alima korosho na mhogo, na mwenzake alima ndizi na kahawa. Nyumbani kwao wasema lugha mbalimbali. Lakini watu hawa wawili waliingia katika nchi moja, chini ya sheria moja, na kodi zao zatiwa katika kasha moja. Kodi ya mwenye korosho huenda ikanunua dawa ya mtoto wa Bukoba. Kodi ya mwenye kahawa huenda ikajenga daraja la Newala. Kila alipaye kodi kwa uaminifu anaujaza mtungi wa sabili. Hajui nani atakunywa. Na mtu aibaye fedha za kasha hilo hamwibii jirani yake ambaye atakutana naye kesho na kuona haya. Humwibia mgeni asiyemjua. Ndiyo sababu wizi wa namna hiyo huonekana mwepesi machoni pa wenye kuutenda.

Watu wa Tanganyika walijaribiwa katika jambo hili hata kabla ya uhuru. Katika miaka ya 1958 na 1959 serikali ya Kiingereza iliwaruhusu watu kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa kupiga kura. Lakini iliweka masharti mazito. Si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura; ilimpasa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au kazi fulani zilizotajwa. Tena kila mpiga kura ilimlazimu kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, na moja kwa Mzungu. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Sheria ile haikuwa ya haki, kwa kuwa Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine wote pamoja, na viti vyao vilikuwa sawasawa na vya wale wachache.

Watu wa chama cha TANU walikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, nao walishindana sana kwa maneno. Wengi walitaka kuukataa uchaguzi huo kabisa. Mwalimu Julius Nyerere aliwashauri waingie, na mwisho ushauri wake ulikubaliwa. Lakini wengine walikasirika, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Basi mpiga kura Mwafrika akasimama mbele ya sanduku, akalazimishwa kujiuliza neno ambalo huenda hakupata kujiuliza maishani: Katika Waasia hawa, yupi ni mtu wa haki? Katika Wazungu hawa, yupi atakuwa upande wetu? Hakuweza kusema tu, "Wao ni wageni." Ilimpasa awatazame nyuso mmoja mmoja. Wajumbe walioungwa mkono na TANU walishinda, watu wa rangi zote tatu, nao wakaketi barazani kundi moja, na kiongozi wao alikuwa Nyerere. Sisemi ya kwamba sheria mbaya huwa njema kwa sababu imezaa tunda jema. Nasema kwamba watu wale waliopewa kikombe kibovu walijua kukinywea bila kumwaga maji.

Jaribu la pili lilikuja mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru. Hapo hapakuwa na Mwingereza wa kuwalazimisha. Bunge lilikuwa likiizungumza sheria ya uraia, yaani nani atakuwa raia wa nchi hii mpya. Wajumbe wengine walisema ya kwamba uraia uwe wa watu weusi, na hao wengine wangojee. Maneno yao hayakuwa ya ajabu, kwa maana watu weusi walikuwa wamedharauliwa katika nchi yao wenyewe kwa muda mrefu, na jeraha halisahauliki kwa siku moja. Lakini Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, alisimama akawapinga kwa ukali. Alisema ya kwamba uraia hauwezi kupimwa kwa rangi ya ngozi, na kwamba kama Bunge likiikataa sheria hiyo, yeye na serikali yake watajiuzulu. Sheria ikapita. Fikirini: mtu aliyekuwa amebakiza majuma machache tu afikie siku aliyoitaabikia miaka mingi, alikuwa tayari kuiacha kuliko kumfungia mlango mtu aliye wa rangi nyingine.

Nchi jirani ilitupa fundisho kwa upande wa pili. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin, aliyeitawala Uganda kwa jeshi, aliwaamuru Waasia waondoke katika nchi hiyo, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wameacha maduka, viwanda na nyumba, na wengi wao walizaliwa huko huko. Watu wengine walishangilia njiani. Lakini serikali ile ile ndiyo iliyowaua raia wake weusi kwa maelfu, mpaka ilipoangushwa mwezi wa Aprili 1979. Mkono haukuwa mikono miwili. Mtu aliyezoea kutomwona mgeni kuwa ni mtu, hana shida kubwa ya kumwona jirani yake vivyo hivyo siku atakapomchukia.

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliikumbusha mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Watoto huicheka methali hii, wakidhani maana yake ni kumchosha mgeni ili aende zake. Mimi naona ina heshima kubwa. Jembe si kitu cha kumpa mtu utakaye aondoke. Jembe humpa mtu kazi katika shamba, na mwenye kazi shambani ana sehemu katika mavuno, na mwenye sehemu katika mavuno ana neno la kusema penye baraza. Mgeni wa siku mbili anakula kwa huruma yako. Mgeni mwenye jembe anakula kwa haki yake, naye ana wajibu kama wewe: atalima usipokuwapo, na akivunja kanuni za kijiji atahukumiwa kama mwana wa kijiji.

Nchi ya Tanzania iliifuata methali hiyo kwa matendo. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa katika nchi ya Burundi, na watu wengi sana walikimbia wakavuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi ya msitu katika mahali patatu, napo ni Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wale waliofika wamebeba watoto na vyungu waliikata miti, wakafanya mashamba, wakapanda mahindi, maharagwe na mihogo, na baadaye tumbaku. Haikupita miaka mingi wakaacha kula chakula cha msaada, kwa kuwa walikuwa wanajilisha, tena wanauza ziada kwa wenyeji.

Isidhaniwe kwamba kumpokea mgeni ni jambo la nyimbo na furaha. Tarehe 28 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, watu walianza kulivuka daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, wakaingia wilaya ya Ngara. Kwa muda wa siku moja na kidogo tu walivuka watu wapatao 250,000. Hebu jaribuni kuiwaza hesabu hiyo: ni kama mji mkubwa uliohama kwa miguu kati ya jua kuchwa na jua kuchwa. Pale mpakani walitakiwa kuacha silaha, na mapanga yakarundikana kando ya njia kama kuni. Mkuki nje ya nyumba, kama zamani. Wakapelekwa mahali paitwapo Benaco, na wenyeji wa Ngara, ambao si matajiri, wakaamka asubuhi wakaona nchi yao imejaa moshi wa moto wa watu wasiowajua.

Wenyeji waliwapa maji, na wengine waliwapa mahali pa kulala. Lakini kuni zikaisha, miti ikakatwa mbali na pande zote, na mashamba ya watu yakaibwa. Tena ndani ya umati ule, pamoja na kina mama na watoto wasio na hatia, walikuwamo watu wenye damu za wenzao mikononi, nao wakawatisha wakimbizi wengine kambini. Mwezi wa Machi 1995 serikali ilifunga mpaka, na mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliamriwa kurudi kwao, na askari wakawasindikiza njiani, wakitaka wasitake. Watu wenye elimu wamelijadili jambo hilo sana, wengine wakisema serikali ilikosa, wengine wakisema haikuwa na njia nyingine. Mimi nafikiri ya kwamba wengi walirudishwa upesi mno, kabla ya kutenganishwa mwenye hatia na asiye na hatia. Lakini sikukaa Ngara, na kuni zilizokwisha hazikuwa zangu. Mwenye nyumba anaposema "Karibu" hapewi ahadi ya kuwa hatajuta. Aliyesubiri mpaka apate ahadi hiyo hajapata kumkaribisha mtu.

Turudi kwa wale wa mwaka 1972, maana habari zao hazijaisha. Waliendelea kulima miaka 30 na zaidi, nao wakazaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu waliosoma katika shule za Tanzania na kusema Kiswahili kama ninyi. Lakini kwa karatasi walikuwa wakimbizi bado. Walikuwa na jembe, na hawakuwa na neno barazani. Hatimaye serikali iliwaachia wachague, kurudi Burundi au kuomba uraia. Baadhi yao walirudi. Waliochagua kubaki na kukubaliwa walikuwa zaidi ya 160,000, na mwezi wa Oktoba 2014 walianza kupewa vyeti vyao vya uraia. Sijui mfano mwingi wa nchi isiyo tajiri iliyofanya jambo la namna hiyo kwa watu wengi hivyo kwa mara moja.

Katika waliovipokea vyeti hivyo walikuwamo watu waliovuka mpaka mwaka 1972 wakiwa mgongoni mwa mama zao, na sasa walikuwa na mvi. Cheti ni karatasi tu. Kwa karatasi hiyo mtu aliweza kusafiri kwenda Dar es Salaam bila kuomba kibali cha kutoka makazini, aliweza kuandikishwa apige kura, na aliweza kusimama katika mkutano wa kijiji, yeye aliyekata msitu na kuchimba kisima, akauliza mbele ya watu wote fedha za kukitengeneza kisima hicho zimekwenda wapi.